Kabla ya trekta kuingia mahameni, muulize bibi

LIKIZO ya mwezi wa sita tulisafiri hadi Kasulu kumsalimia mama mkwe wangu. Siku ya tatu, mvua zikiwa zimekwisha na vumbi limeanza, mtoto wetu wa miaka 11 alikaa barazani na simu ya baba yake. Nilidhani anacheza gemu. Kumbe alikuwa amefungua ramani ya setilaiti, anaitafuta nyumba ya bibi yake kutoka angani.

Aliipata: bati jipya linalong'aa, mwembe mmoja na njia ya kwenda kisimani. Kisha akavuka bonde kwa kidole hadi ng'ambo, kwenye shamba la mihogo ambalo siku hizi analima binamu wa mume wangu. Hapo akasita.

"Bibi, hili duara ni nini?"

Niliinama nikaangalia. Katikati ya shamba palikuwa na duara la kijani kilichokolea kuliko mihogo ya pembeni. Upande mmoja lilikuwa wazi, kama mlango.

Mama aliipokea simu, akaigeuza, akamrudishia. Hakuambulia kitu. Ana miaka karibu 80 na hajawahi kuiona nchi yake kwa macho ya ndege. Mjukuu akaanza kumfundisha taratibu: "Huu ni mto, bibi. Hii ni barabara ya mnadani. Hapa ni kanisani." Mama akafuata kidole. Kilipofika kwenye duara alinyamaza, kisha akasema, "Hapo ni kwa baba mkwe wangu. Huo ulikuwa ua wa miti. Mimi nimeolewa hapo."

Mume wangu ana miaka 46. Shamba lile amelipita tangu utotoni akienda shule. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa kwamba pale palikuwa nyumbani.

Mzazi mwenzangu, makala haya ni kuhusu duara lile, na mengine kama hayo ambayo huenda yamelala karibu na kwenu.

Ardhi haisahau haraka

Alichofanya mtoto yule kwa bahati, wanaakiolojia wanakifanya kwa makusudi kwa karibu miaka 100 sasa. Mwaka 1925 rubani wa jeshi la anga la Uingereza, Gilbert Insall, aliruka juu ya shamba lililo karibu na Stonehenge, akaona madoa yaliyojipanga kwa miduara. Wachimbaji walipofika walikuta mashimo ya nguzo za mbao zilizosimikwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mtu aliyesimama shambani asingeona zaidi ya mazao.

Siri yake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la nne anaielewa. Ziko njia tatu ambazo ardhi hujitangaza kwa anayeitazama kutoka juu.

Ya kwanza ni kivuli. Tuta la zamani likishakuwa la kimo cha nusu goti, mchana hulioni. Lakini asubuhi na jioni, jua likiwa chini, tuta hilo hutupa kivuli kirefu na umbo lake lote hujichora.

Ya pili ni mimea. Mtu akichimba mtaro, halafu ukajaa udongo kwa miaka mingi, udongo ule huwa laini, wenye mboji, na hutunza maji. Mvua zikikatika, mmea uliosimama juu yake hubaki kijani siku kadhaa baada ya wenzake kuanza kunyauka. Palipokuwa na zizi, mbolea ya ng'ombe hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini palipokuwa na sakafu iliyoshindiliwa au mawe, mmea hudumaa na kuwa njano mapema.

Ya tatu ni rangi ya udongo. Shamba likilimwa upya, majivu, taka za jikoni na udongo wa kuta zilizobomoka huja juu na kuacha madoa meusi, mekundu au meupe. Mvua mbili tatu zikinyesha, madoa hufifia.

Ndiyo maana duara letu lilionekana. Picha ile ilipigwa kiangazi. Mtaro wa ua na mizizi iliyooza ilikuwa bado inaitunzia mihogo unyevu, miaka 50 tangu watu waondoke.

Watu waliohama, wakahama tena

Buha, yaani nchi ya Waha katika nyanda za juu za Kigoma, ina mahame mengi, na sababu yake watoto wetu wengi hawaijui.

Zamani Waha wengi hawakuishi katika vijiji vya nyumba zilizopangana kando ya barabara kama leo. Kila kaya ilikaa kivyake kwenye mgongo wa kilima, ikiwa na ua wake, migomba yake na mashamba yake, chini ya mwami wa eneo lake. Mwami wa Heru alikuwa na makao yake Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu. Muhambwe, ambako leo ni Kibondo, na Buyungu, ambako leo ni Kakonko, nako kulikuwa na bami wake.

Miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulipotisha, serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwaondoa watu katika maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya mahali pamoja. Nyumba zilizoachwa zilimezwa na pori. Kisha ikaja zamu ya vijiji vya ujamaa. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, na Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972. Watu walitoka vilimani wakashushwa barabarani, karibu na shule, zahanati na bomba la maji. Wapo waliofurahi na wapo waliolia. Wote waliacha nyuma maua ya miti, mashimo ya kuhifadhia chakula, mawe ya kusagia na makaburi.

Kuna mahame mapya zaidi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012, na ya Mtendeli, Kakonko, mwaka 2021. Kambi ikifungwa, mahema na nyumba za tope huondoka, lakini mistari ya barabara, viwanja vilivyosawazishwa na mashimo ya vyoo hubaki ardhini. Yuko mama Burundi leo ambaye mwanawe alizaliwa pale. Siku mtoto huyo akiuliza alikozaliwa, atakachoonyeshwa ni mistari hiyo.

Mitaro ya Bigo, mawe ya Engaruka

Usidhani haya ni mambo madogo ya kijijini. Afrika Mashariki ina kazi za udongo ambazo dunia nzima inazifahamu.

Nchini Uganda, kusini mwa mto Katonga, pako Bigo bya Mugenyi. Ni mitaro na matuta ambayo ukiyaunganisha yanazidi kilomita 10. Yamezunguka eneo kubwa kandokando ya mto, na katikati pana maboma yaliyoshikana. Wataalamu waliochimba pale kuanzia mwaka 1957 walipata majira ya kati ya mwaka 1300 na 1500. Masimulizi ya wenyeji yanasema ni kazi ya Wachwezi. Ukitembea ndani ya mtaro mmoja unaona kuta mbili za udongo na nyasi tu. Umbo lote unaliona ukilichora kwenye ramani au ukilitazama kutoka angani.

Hapa kwetu tunayo Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kuna mashamba yaliyojengewa mawe, matuta ya ngazi na mifereji ya umwagiliaji katika eneo la kilomita za mraba karibu 20. Wakulima waliishi pale tangu karne ya 15 hadi ya 18 hivi, kisha wakaondoka. Picha za angani zimewasaidia wataalamu kuifuata mifereji ile shamba kwa shamba.

Na ndani ya Mkoa wa Kigoma wenyewe, kusini mwa Kasulu, kuna chemchemi za chumvi za Uvinza. John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale mwaka 1967 na kukuta watu walikuwa wakichemsha chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo mtoto wa Kigoma akisoma historia, asidhani iko Misri na Ulaya peke yake.

Picha haina ulimi

Sasa nirudi kwenye baraza la mama, maana palitokea jambo lililonifundisha.

Baada ya ushindi wa duara la kwanza, mjukuu alipata joto. Akapata jingine dogo karibu na mto. "Bibi, na hapa nani aliishi?" Mama akacheka hadi akashika ubavu. "Hapo ni tanuri la matofali la baba yako mdogo. Alilichoma mwaka juzi."

Mtoto hakuwa mjinga. Picha inaonyesha alama, lakini haisemi ni ya nani wala ya lini. Kutoka juu, kichuguu kikubwa kinaweza kufanana na msingi wa nyumba, na pori la miombo la Kibondo limejaa vichuguu. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yanafanana na kingo za boma. Tanuri la mkaa huacha duara jeusi safi kuliko la ua wa babu.

Wataalamu nao huteleza. Louis Leakey alipofika Engaruka mwaka 1935 aliyaona mawe yale kama mji mkubwa wa maelfu ya nyumba. Watafiti waliomfuata walibaini kuwa sehemu kubwa ya alichokiona ni mashamba. Hata Bigo, mpaka leo wasomi wanabishana kama mitaro ile ilikuwa ya kulinda watu, kufungia ng'ombe au kuonyesha ukuu wa mtawala.

Kinachotegua kitendawili mara nyingi ni mdomo wa mzee. Mfano mzuri uko mkoa jirani wa Kagera, kijiji cha Katuruka karibu na Bukoba. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani alifuata masimulizi ya wazee kuhusu makao ya Mukama Rugomora Mahe na kazi ya chuma. Wazee walimwonyesha mahali. Alipochimba alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya takriban miaka 2,000 iliyopita.  Habari ile ilikuwa imehifadhiwa vichwani.

Lakini sikiliza mwisho wake. Schmidt aliporudi Buhaya baada ya miaka mingi, alikuta Ukimwi umewachukua wengi wa watu waliobeba masimulizi yale. Wanakijiji wa Katuruka ikabidi wajikusanye wao wenyewe, wawahoji wazee waliobaki na kuandika kabla hakijapotea kilichosalia.

Picha za setilaiti zitakuwepo mwakani na mwaka unaofuata. Bibi huenda asiwepo. Ukishaelewa hilo, utajua uanze na kipi.

Fanya hivi na watoto

1. Anza na mzee. Muulize alizaliwa wapi, aliolewa wapi, walihama lini, walipita njia gani. Andika majina ya vilima na vijito anavyovitaja, hata kama hayapo kwenye ramani.

2. Mfundishe kuisoma picha. Anza na vitu anavyovijua: mto, barabara, kanisa au msikiti, shule. Usimharakishe. Mpe mtoto kazi hiyo, kwa sababu wajukuu wana subira ambayo sisi hatuna.

3. Tafuta picha ya kiangazi. Programu ya Google Earth kwenye kompyuta inakuwezesha kurudi nyuma na kuona picha za miaka iliyopita. Chagua za Juni hadi Septemba. Kati ya mwaka 1960 na 1972 setilaiti za kijasusi za Marekani zilizoitwa Corona zilipiga picha nchi nyingi duniani, na mwaka 1995 zikaruhusiwa kuonwa na umma. Ukipata mwalimu au mwanafunzi wa chuo anayejua kuzitafuta, muombe aangalie kama eneo lenu limo. Ni picha za kabla watu hawajashushwa barabarani.

4. Tafuta maumbo ambayo si ya asili. Duara, mstari mnyoofu, pembe, miti iliyojipanga. Minyaa iliyosimama mstari porini au migomba michache isiyo na mwenyewe ni dalili kwamba paliwahi kuwa na watu.

5. Nendeni kwa miguu asubuhi au jioni. Angalieni vigae vya vyungu, mawe ya kusagia na mavi ya chuma, yaani yale mabonge meusi mazito yanayobaki baada ya kuyeyusha chuma. Pigeni picha, msiokote.

6. Rekodini sauti. Mwacheni mzee aongee Kiha chake. Mtoto asiyekielewa leo atakitafuta kesho. Taja tarehe, jina la mzee na mahali, kisha hifadhi kwenye simu zaidi ya moja, maana simu huibiwa na huanguka chooni.

Na haya muepuke

Usichimbe. Kila mkoa una watu wanaoamini kwamba palipo na tuta la ajabu Mjerumani aliacha mali. Wamechimbua makaburi ya watu na wametoka mikono mitupu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba mabaki ya kale. Ukiona kitu cha ajabu, mtaro mrefu usio na maelezo au mavi ya chuma mengi, mweleze mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa halmashauri. Wao watafikisha habari Idara ya Mambo ya Kale.

Usirushe droni kiholela. Wengine huiita ndege nyuki, na watoto wanaipenda. Lakini inahitaji kibali, na Kasulu na Kibondo ni wilaya za mpakani. Simu inatosha.

Usigeuze picha kuwa hati ya shamba. Hili ni zito. Ardhi ya mahame mengi ilishagawiwa watu wengine kihalali miaka mingi iliyopita. Ukimfuata mtu na simu mkononi ukimwambia "hapa palikuwa kwa babu yangu," anaweza kuelewa kwamba umekuja kumnyang'anya. Nenda kwanza kwa mwenye shamba, salimia, eleza nia yako, omba ruhusa ya kupita. Na usiweke mahali penyewe mtandaoni.

Tulipofika ng'ambo

Sisi wenyewe ilibidi tuombe. Mume wangu alimpigia simu binamu yake jioni ile ile. Alfajiri ya kesho yake tulivuka bonde, mama mbele na fimbo yake, mjukuu nyuma na simu.

Pale chini hapakuwa na duara. Mihogo tu. Mtoto alivunjika moyo, mpaka jua lilipochomoza juu ya kilima na kivuli chembamba kikajichora kati ya mashina, kikizunguka. Lilikuwa tuta la kimo cha viganja viwili. Mama aliingia kwa upande ule uliokuwa wazi. Hakuruka tuta. Alipita mlangoni.

Alituonyesha palipokuwa na nyumba, palipokuwa na zizi, na jiwe la kusagia lililozama nusu. Kisha akatoka nje ya duara, hatua kama 20, akasimama kwenye kipande kisichokuwa na alama yoyote, chini wala kwenye picha.

"Hapa nilimlaza wa kwanza," akasema.

Alikuwa mtoto wa kike, wa miezi minane. Homa ilimchukua mwaka mmoja kabla ya Operesheni. Mume wangu siku zote alijijua kuwa mtoto wa nne. Alimuuliza mama yake kwa nini hakuwahi kuwaambia. Mama akajibu, "Ningewaonyesha nini? Tulipohamishwa hapa palikuwa pori. Kisha pakawa shamba la watu."

Binamu alikuwa amesimama pembeni na jembe lake. Alikuwa amepanga kuingiza trekta msimu ujao na kuling'oa jiwe lile maana humkwaza. Hakusema mengi. Alikwenda akakata miti minne, akaisimika kukizunguka kipande kile. Akamwambia mama, "Shangazi, hapa trekta halitapita. Na jiwe naliacha."

Mjukuu alimuuliza bibi jina la mtoto. Akatajiwa, akaliandika kwenye ramani ya simu pamoja na tarehe ya siku ile. Kisha akauliza swali jingine, na jingine. Tulirudi nyumbani jua likiwa kali, na mama alikuwa bado anaongea.